Mkufu Usio na Mwenziwe



Lugha yetu hutumia neno moja kwa kazi mbili ambazo mgeni angeziona mbalimbali. Mshairi hutunga shairi. Mama hutunga shanga. Neno ni lile lile. Mshairi hachukui maneno yote yaliyomo duniani: huchagua machache, huyapima, huyaweka kwa mpango, kisha huyafunga yasitawanyike. Mwenye kutunga shanga afanya vivyo hivyo. Juma hili twataka kuzungumza habari za mkufu ambao hakuna duka liwezalo kuuza wa pili wake, yaani mkufu uliotungwa kwa shanga zilizotengenezwa kwa mkono nyumbani, pamoja na shanga zilizookotwa, zilizorithiwa, au zilizopokewa kwa wazee.

Labda wengine watasema: «Mwalimu, hiyo ni kazi ya wasichana, tena ni urembo mtupu.» Wasubiri kidogo. Katika nchi yetu shanga zimekuwa fedha, zimekuwa kitabu, na kwa huzuni yetu zimekuwa hata bei ya mtu. Azishikaye pasipo kujua hayo afanana na mtu ashikaye barua ya baba yake, naye hakujifunza kusoma.

SHANGA ZILIZOLALA KABURINI

Kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba ambamo mto Lualaba hupita kati ya maziwa na matete, pako mahali paitwapo Sanga. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba hapo makaburi ya watu wa kale, na wengine waliendeleza kazi hiyo mwaka 1974. Walikuta wafu wamelazwa pamoja na vyungu vyao, vyombo vya chuma, mapambo ya shaba nyekundu, shanga, na simbi. Makaburi mengi yalikuwa na umri wa miaka elfu moja hivi.

Simbi ni nyumba ya mnyama wa baharini. Haizaliwi katika Lualaba. Kutoka Kisale mpaka pwani ya Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 1000. Simbi moja ilipita mikono mingapi, ikavuka mito mingapi, mpaka kufika shingoni mwa mtu wa Sanga? Hatuna jina la hata mmoja wa waliyoichukua. Lakini yenyewe yatoa ushahidi kwamba wazee wa Lualaba hawakukaa peke yao kama watu wa kisiwani, wala hawakungoja mgeni wa juzi awafundishe biashara na kujipamba.

Tena mwangalie jambo hili. Wachimbaji wa namna hiyo hawazoi shanga kama mtu azoavyo maharagwe. Kabla ya kuuinua ushanga huandika: ulikuwa shingoni au kiunoni, upande gani wa mwili, karibu na chungu gani. Kwa sababu gani taabu hiyo yote? Kwa sababu ushanga ukiisha ondolewa mahali pake bila kuandikwa, umenyamaza. Bado wang'aa, bado wapendeza, lakini hausemi tena.

SHANGA ZILIZONUNUA MTU

Mwanzoni mwa mwaka 1854 msafiri Livingstone alifika kwa Shinte, mkubwa mmoja wa Walunda. Shinte alimpa zawadi ya heshima kuu: kipande cheupe cha mviringo kilichokatwa mwishoni mwa kombe la baharini, kitu ambacho katika nchi nyingi za upande wetu huitwa mpande, na ambacho wakubwa walikivaa kama alama ya cheo. Livingstone aliandika kwamba vipande viwili vya namna hiyo viliweza kuwa bei ya mtumwa, na vitano vilikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu yenye thamani ya pauni 10.

Someni tena maneno hayo polepole. Vipande viwili vya kombe, vinavyoenea katika kiganja cha mtoto, na upande wa pili wa mizani, mtu mwenye mama yake na jina lake. Si kombe lililokosa. Kombe halina dhambi. Waliokosa ni watu waliokubali mizani ya namna hiyo. Kwa hiyo tukisifu uzuri wa shanga za zamani, tusisahau kwamba nyingine ziliingia nchini kwa njia ya machozi.

Biashara ya kila siku nayo ilitumia shanga. Mwaka 1871 Stanley alipokuwa akisafiri kwenda Ujiji alijifunza kwa gharama kwamba kila nchi ilikuwa na ushanga wake. Ziko nyekundu zilizoitwa samisami, ziko nyeupe zilizoitwa merikani, na zilizopendwa hapa zilidharauliwa pale. Shanga kubwa za sungomaji zilipokewa vizuri Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika katika Uguha, upande ambao leo upo mji wa Kalemie, penginepo zilikataliwa. Katika soko la Ujiji shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya bua la kiko kilichovunjika, zilikuwa fedha kamili, nazo zilibadilishwa na wabadili fedha kabla mtu hajanunua samaki au mafuta. Msafiri aliyekosea rangi alilala na njaa huku mizigo yake imejaa.

Shanga nyingi za kioo za safari hizo zilitoka Ulaya, hasa Venezia katika Italia. Mwaka 1291 mafundi wa kioo wa mji huo waliamriwa kuhamia kisiwa cha Murano, kwa hofu ya moto wa matanuri yao. Namna moja ya kazi yao ilikuwa kuvuta kioo cha moto kiwe bomba refu jembamba lenye tundu katikati, kisha kulikatakata vipande vidogo. Basi, nyanya yako akivaa ushanga mdogo wa buluu, yawezekana sana kwamba mikono miwili isiyojuana imekutana shingoni mwake: mkono wa fundi wa Ulaya, na mkono wa mama Mwafrika aliyeutunga.

SHANGA ZILIZOKUWA KITABU

Lakini wazee wetu hawakupokea shanga za wageni kama mtoto apokeavyo peremende. Walizitia akili yao wenyewe. Waluba walikuwa na ubao uitwao lukasa, unaoshikika kwa mkono mmoja, umepangwa shanga na simbi juu yake. Uliwekwa na watu wa chama cha Mbudye, walinzi wa kumbukumbu za ufalme. Mtaalamu aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga, huku akisimulia: habari za wafalme, safari zao, mahali patakatifu, sheria na vyeo. Rangi ya ushanga, ukubwa wake na mahali ulipowekwa, vyote vilikuwa na maana. Ushanga mkubwa uliozungukwa na vidogo uliweza kumwonyesha mkubwa pamoja na watu wake.

Mwaka 1996 vitu vya kumbukumbu vya Waluba, lukasa zikiwa kati yake, vilionyeshwa katika jumba moja la sanaa ya Afrika huko New York, na kitabu kikubwa kiliandikwa juu yake. Wageni walisimama mbele ya mbao hizo wakistaajabu. Nasi tukiwa hapa nyumbani, je, twaweza kusoma hata ushanga mmoja wa nyanya zetu?

HASARA ILIYO MLANGONI

Tufikiri jamaa moja. Mama mkubwa amefariki. Katika sanduku lake zapatikana nguo, rozari, cheti cha ubatizo, na kopo la shanga. Watoto wagawana nguo. Shanga hazigawanywi, kwa maana hakuna ajuaye ni za nini. Mwezi wa tatu apita mchuuzi mwenye mizani, anunuaye vitu vya kale. Azipima shanga kwa uzito, kama karanga, alipa faranga kidogo, aenda zake. Jioni mjomba arudi safarini, auliza: «Ule wa buluu mkubwa, alioupewa mama siku ya kuolewa, u wapi?» Watu watazamana. Mchuuzi amekwisha vuka mto.

Hatumhukumu mzazi anayeuza kitu chake ili alipe fedha za masomo au dawa ya mtoto. Shida ni shida, na mtoto mwenye homa hatibiwi kwa ushanga. Ila twasema hivi: mtu asiuze kitu asichokijua. Akijua, ataomba bei ya haki, au atauza kumi na kuweka mmoja, au atawaita ndugu kwanza wakate shauri pamoja. Asipojua, atatoa urithi wa watu wengi kwa bei ya chumvi. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi dawa ya kwanza ni daftari. Chukua daftari la shule, ukurasa mmoja kwa kila ushanga wa zamani. Chora umbo lake kwa ukubwa wake wa kweli. Andika rangi yake. Kisha mwendee mzee, ukae chini, umwulize kwa heshima mambo manne: Nyanya, ushanga huu waitwaje? Ulitoka kwa nani? Ulivaliwa siku gani? Ni nani asiyeruhusiwa kuuvaa? Andika maneno yake kama alivyoyasema, katika lugha ya nyumbani kwenu, usiyapambe. Kama mzee hakumbuki, andika kwamba hakumbuki. Usitunge uongo, kwa maana uongo ulioandikwa huwapotosha hata wajukuu.

Na mkulima anayekuta shanga au vyungu vya kale shambani, asivitawanye. Afukie alipochimba, aweke alama, ampashe habari mwalimu au mkubwa wa mahali. Katika Lubumbashi iko Makumbusho ya Taifa, ambako vitu vya namna hiyo vyajulikana na vyatunzwa.

KUTENGENEZA SHANGA KWA MKONO

Shanga za wazee huwa chache. Kwa kuzijaliza yatupasa kutengeneza mpya. Ziko njia nyingi. Tutaeleza zile zinazofaa nchini kwetu.

Kwanza, udongo. Pata udongo wa mfinyanzi, uuloweke, uchambue mawe na mizizi, uukande mpaka uwe laini kama unga wa ugali uliopikwa vizuri. Changanya mchanga laini kidogo au unga wa kigae kilichotwangwa, ili usipasuke motoni. Viringisha vidonge vya ukubwa wa punje ya haragwe, uvitoboe kwa waya wa gurudumu la baiskeli. Tundu liwe kubwa kuliko uzi, kwa sababu udongo hunywea ukikauka. Weka vikauke kivulini siku nyingi, hata juma zima. Haraka ndiyo adui: maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke, na mvuke huvunja ushanga kwa kishindo. Zikikauka kabisa, zitie katika chungu kikuukuu, uwashe moto mdogo kwanza, uuongeze polepole mpaka shanga ziwe nyekundu kama kaa. Uache zipoe zenyewe usiku kucha. Ukizichoma mahali penye hewa zitatoka nyekundu; ukizifunika kwa unga wa mbao katika chombo kilichozibwa zitatoka nyeusi. Hivyo kwa udongo mmoja wapata rangi mbili bila kununua rangi.

Pili, shaba nyekundu, ile tuitayo mukuba. Chukua waya mwembamba, uuzungushe juu ya msumari mara sita au saba, mzunguko ukigusa mwenziwe, ukate, ubonyeze ncha kwa koleo zisichome. Huo ni ushanga tayari. Kama waya ulivikwa mpira, uumenye kwa kisu. Usiuchome motoni, maana moshi wake ni sumu. Waya huo uombe kwa fundi wa umeme, mabaki yake, au ununue. Asitoke kijana kwenda kukata nyaya za umeme kwa ajili ya mkufu! Ni wizi, huitia njia nzima gizani, na mara nyingi mwizi mwenyewe hubaki hapo hapo chini ya nguzo.

Tatu, malakiti, jiwe la kijani lenye mistari, fahari ya Katanga. Si gumu sana. Ncha ya kisu kizuri huweza kulikwaruza. Hukatwa kwa msumeno mdogo, hutobolewa kwa keekee, husuguliwa kwa msasa mpaka ling'ae. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Malakiti ina shaba ndani yake, na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Fundi mwenye akili hulifanyia kazi likiwa limelowa maji, ili vumbi lisiruke. Hufunika pua na mdomo. Hunawa mikono kabla ya kula. Wala hawaketishi watoto karibu. Tena malakiti isioshwe kwa ndimu wala siki, kwa maana uchachu hulila. Shaba yaweza kung'arishwa kwa ndimu na chumvi, lakini ifanyike kabla ya kutungwa pamoja na jiwe hilo, na isuuzwe sana.

Nne, mbegu. Kuna jani refu limealo penye maji, mfano wa mhindi mdogo, ambalo mbegu zake ni ngumu, zang'aa, za rangi ya kijivu au nyeupe, nazo zina tundu la asili kutoka upande mmoja hata wa pili. Katika nchi nyingi huitwa machozi ya Yobu, na rozari nyingi zimetungwa kwa hizo. Mungu mwenyewe amekwisha zitoboa. Kazi yako ni kuzichuma zikikomaa, kuvuta kikonyo cha ndani, na kuzianika.

Lakini si kila mbegu nzuri ni rafiki. Ziko zile ndogo nyekundu sana zenye doa jeusi, zizaazo katika maganda ya mmea utambaao. Watoto huzipenda kwa uzuri wake. Ndani yake mna sumu kali; mbegu moja iliyotafunwa yaweza kumwua mtoto, na kuitoboa ni kuifungulia sumu mlango. Mwaka 2011 katika Uingereza bangili zaidi ya 2000 zilizotungwa kwa mbegu hizo ziliitwa zirudishwe baada ya kuuzwa. Mbegu za mbarika vilevile zina sumu. Tusizitie katika mikufu, wala tusiwape watoto wachezee.

Na kioo je? Wasomaji wengine huenda wakauliza kama tusingeweza kugeuza chupa zilizovunjika kuwa shanga. Yawezekana, nao Wakrobo wa Ghana ndio mabingwa. Huponda chupa mpaka ziwe unga, hutia unga huo katika kalibu ya udongo iliyopakwa udongo mweupe ili kioo kisishike, na katikati ya kila shimo husimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Tanurini kioo huyeyuka na kushikana, kikonyo huungua, na mahali pake hubaki tundu. Tazameni busara hiyo: jani la mboga latumika kama keekee! Walakini kazi hiyo yataka tanuri kali lisilo la jikoni, na unga wa kioo ni hatari kwa macho na mapafu. Mwenye kuitaka ajifunze kwanza kwa fundi.

KUTUNGA

Sasa shanga ziko tayari. Usishike sindano bado. Tandaza nguo isiyo na maua mezani, ukunje ufito wa katikati uwe kama mfereji, uzipange shanga humo. Zitazame asubuhi, uzitazame tena jioni, uzibadilishe. Kazi hii haina gharama, nayo ndiyo inayotenganisha mkufu na fungu la shanga.

Yako mashauri machache yaliyonifaa mimi na wanafunzi. Chagua ushanga mmoja uwe mkubwa wa wenziwe, uuweke katikati, kifuani. Mara nyingi utakuwa ule wa mzee. Wengine wote wauhudumie: wasishindane nao kwa ukubwa wala kwa makelele ya rangi. Rangi tatu zatosha. Kijani cha malakiti, wekundu wa mukuba na weusi wa udongo vyaelewana vizuri, kwa kuwa vyote ni watoto wa ardhi moja. Weka vizito mbele na vyepesi nyuma ya shingo, la sivyo mkufu utazunguka kama jogoo aliyefungwa kamba. Wala usione lazima upande wa kuume ulingane na wa kushoto kama askari katika gwaride. Tofauti ndogo huonyesha mkono wa mtu.

Shanga za zamani zioshwe kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila kuchemshwa wala kusuguliwa kwa mchanga. Ule ukungu juu yake ni umri wake. Ukiuondoa umemnyoa mzee ndevu bila ruhusa yake. Pitisha uzi ndani ya kila tundu, uuvute huku na huku. Kama uzi wachanika, ukingo wa tundu ni mkali: ushanga mpya utasuguliwa kwa tupa nyembamba; wa zamani usiguswe na tupa, bali utungwe kwa uzi mnene zaidi.

Uzi mzuri ni wa katani au pamba uliopakwa nta, au wa nailoni. Mkufu unaokaa juu ya kifua cha mtu mzima huwa na sentimeta 45 hivi. Ukate uzi wenye urefu mara tatu, kwa sababu mafundo hula uzi. Kila baada ya ushanga piga fundo. Lilegeze fundo, utie sindano ndani yake, ulisukume kwa sindano mpaka liguse ushanga, kisha uchomoe na kukaza. Wavivu huruka hatua hii. Lakini faida yake ni mbili. Shanga hazisuguani, na hasa kioo cha zamani hakiliwi na shaba. Pia uzi ukikatika sokoni utapoteza ushanga mmoja, hutapoteza mkufu mzima. Mkufu usio na mafundo ni kama jamaa isiyopatana: kamba ikikatika mahali pamoja, wote watawanyika.

Mwisho funga kwa ushanga wa shaba na kitanzi cha uzi, kwa namna ya kifungo na tundu lake. Vuta kwa nguvu ya kiasi uone kama washika. Mtoto mchanga asivikwe shanga ndogo, awezaye kuzimeza na kusakamwa, wala mtoto asilale na mkufu shingoni.

KUUZA AU KUTOUZA

Wapo vijana ambao kazi hii yaweza kuwapa faranga halali. Ni jambo jema. Mikononi mwa akina mama imekwisha onekana: huko Nairobi kiwanda cha shanga za udongo kiitwacho Kazuri kilianza mwaka 1975 na akina mama wawili tu, wenye kulea watoto peke yao, kikakua mpaka kuwapa kazi mamia. Jina lake wasomaji wangu hawahitaji kutafsiriwa.

Ila mwuzaji awe mkweli. Kuna watu huzika shanga mpya chini ya ardhi, au kuzitia moshini, ili waziuze kwa jina la kale. Huo ni wizi wenye adabu ya nje. Sema: «Huu wa katikati ni wa zamani, ulitoka kwa fulani; hizi nimezichoma mwenyewe.» Mnunuzi mwema atapenda ukweli kuliko hadithi. Na ule ushanga ambao ndugu wamekata shauri ubaki, usiutie katika mkufu wa kuuza. Uutungie mkufu wa nyumbani, na karatasi iliyonakiliwa kutoka daftari ikunjwe, ifungwe pamoja nao katika kitambaa.

Wazazi wapenzi, watoto wenu hawawezi kurithi msichowaonyesha. Fungueni makopo yale kabla mauti hayajayafungua. Nanyi wanafunzi wa darasa la tano na la sita, hii ndiyo kazi yenu ya juma hili: kila mmoja amwendee mzee mmoja na maswali yale manne, aandike ukurasa mmoja, aulete kwa mwalimu wake. Asiye na ushanga nyumbani aulize habari za bangili, jembe, au chungu. Hata kama mkufu wenyewe hamtautunga mpaka likizo, ukurasa huo mwaweza kuuandika kabla ya Jumapili, wangali hai walio na jibu.